Cheni Imekatika na Hujui kwa Nini: Namna ya Kuirudishia Pikipiki Yako Imani

Pikipiki iliyokatika cheni huja kibandani ikisukumwa, na swali la kwanza huwa ni bei ya cheni mpya. Swali la pili huja baadaye, kazi ikishakwisha, mwenye pikipiki ameshika usukani lakini haondoki: "Fundi, na ikikatika tena?" Nimelisikia swali hilo kutoka kwa vijana wa hapa Malindi, wa Barani, wa Maweni, wa Muyeye, na wanaopeleka wafanyakazi kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni. Jibu lake halitoshi kusemwa huku mtu amewasha injini, ndiyo maana nimeliandika.

Yalinipata mimi pia, kabla sijawa fundi. Nilikuwa natoka Mambrui asubuhi, nimempakia mama mmoja na ndoo yake ya samaki, tumekaribia daraja la Sabaki. Nikasikia mlio mmoja tu, kama nazi kavu iliyoangukia bati. Injini ikapiga kelele bure, pikipiki ikaanza kupungua mwendo. Tulisimama salama, na hata samaki hawakumwagika. Cheni ilikuwa na miezi miwili. Aliyenifungia nyingine aliniambia ni bahati mbaya, nikalipa nikaenda zangu. Kwa wiki tatu baada ya hapo sikuwa dereva. Abiria akinisemesha simsikii, kwa sababu masikio yangu yote yalikuwa nyuma, kwenye gurudumu.

Kilichonitoa kwenye hali hiyo si ujasiri wala cheni ya bei ghali. Niliitoa ile cheni ya zamani kwenye gunia nikaitazama vizuri. Ncha zote mbili zilikuwa nzima. Hakuna kilichovunjika, ila kiungo cha klipu, kile kinachounganisha ncha mbili za cheni, hakikuwepo. Kwa hiyo klipu ilitoka. Ilitokaje? Labda ilifungwa kinyume, labda ilikuwa imetumika mara mbili, labda iligongwa na jiwe. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo matatu, na sikuhitaji kujua. Niliyaziba yote matatu, hofu ikaanza kupungua siku hiyohiyo. Hatua zote hapa chini zinafuata njia hiyo: tafuta sababu kadiri inavyopatikana, na isipopatikana, ziba kila mahali ilipoweza kupitia.

UNACHOHITAJI

Cheni iliyokatika, na vipande vyake vyote unavyoweza kuvipata. Usimwachie mtu aiuze kwa chuma chakavu kabla hujaisoma.

Rula ya chuma ya sentimita 30, yenye milimita zinazosomeka.

Spana za nati ya ekseli ya nyuma na za vikaza cheni, bisibisi, na plaisi ya mdomo mwembamba.

Nusu lita ya mafuta ya taa, brashi ya nywele, na matambara.

Oili ya gia namba 90. Nitaeleza kwa nini si ile oili nyeusi.

Mshipi wa kuvulia, mita mbili zinatosha. Wavuvi watakupa kipande bure.

Rangi ya kucha yenye rangi ya kuonekana, na daftari dogo.

Cheni mpya na sproketi zake mbili (magurudumu ya meno yanayopitiwa na cheni, la mbele na la nyuma), ziwe seti moja. Tenga mchana mzima, na siku hiyo usipokee simu ya mteja.

ONYO KABLA YA YOTE: Usisafishe wala usipake cheni mafuta injini ikiwa inawaka na gia imeingia. Najua wengi hufanya hivyo kwa sababu gurudumu linazunguka lenyewe. Tambara likinaswa huingia na kidole kati ya cheni na sproketi, na kidole hakirudi. Zima injini, toa ufunguo, weka nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono.

HATUA KWA HATUA

1. Kusanya vipande kabla havijaoshwa.

Kama unaweza, rudi mahali ilipokatikia utembee hatua hamsini nyuma na mbele ukitazama chini. Kibati kidogo cha klipu au nusu ya pini kinaweza kukueleza mengi kuliko fundi yeyote. Piga picha ya cheni ilivyolala na ya kava la sproketi ya mbele. Ukiosha kwanza, umeufuta ushahidi: kutu, matope na alama za kugongwa huondoka na mafuta ya taa.

2. Soma ncha mbili.

Hapa usiharakishe. Kaa kivulini, washa tochi, tazama kila ncha kwa karibu.

Ncha zote mbili zikiwa nzima, kiungo cha klipu hakipo: klipu ilichomoka, kama yangu.

Bamba la pembeni likiwa limekatika, tazama uso wa mkato. Ukiona sehemu moja ni laini na imepauka au ina kutu, na sehemu nyingine ni mpya, ina chembechembe na inang'aa, basi ufa ulikuwepo siku nyingi na siku hiyo ulimalizia tu. Ufa wa namna hiyo huanza kwenye tundu la pini, na mara nyingi huletwa na cheni iliyokazwa mno au kiungo kilichoshikwa na kutu. Uso wote ukiwa wa chembechembe mpya, na bamba limevutika kwanza kama mpira kabla ya kukatika, basi ni nguvu ya ghafla: jiwe lililoingia, klachi iliyoachiwa kwa pupa na mzigo mzito, au cheni iliyoruka meno ikajisokota.

Pini ikiwa imetoka ubavuni bila kuvunjika, angalia pini za jirani. Kichwa cha pini kikizunguka ndani ya bamba, cheni yote imelegea, na viungo vingine navyo vilikuwa njiani kufuata.

Sasa kunja cheni kiungo kwa kiungo. Chenye afya huanguka chenyewe. Kinachobaki kimekunjika kama goti lenye maumivu ndicho kibaya, na hapa pwani utavipata vingi. Upepo wa bahari huleta chumvi hata kwenye pikipiki ambayo haijawahi kukanyaga ufuo, na chumvi huvuta unyevu usiku kucha. Cheni inayong'aa nje inaweza kuwa nyekundu ndani ya rola, vile virija vinavyozunguka juu ya pini.

3. Ipime.

Pikipiki nyingi za boda hutumia cheni ya 428. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ivute cheni inyooke juu ya ubao, hesabu viungo 20, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 258, nunua nyingine. Ikifika 259, imerefuka kwa asilimia mbili na hupaswi kuwa unaipanda. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hairefuki sawasawa. Andika namba hizo kwenye daftari, utazihitaji baadaye.

4. Tafuta ilichovunja ilipokuwa ikitoka.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Cheni ikikatika hujikusanya kwenye sproketi ya mbele na kugonga ukuta wa injini. Fungua kava, safisha, tazama ukutani kama kuna ufa au oili inayochuruzika. Pitisha ukucha, kwa sababu ufa mwembamba husikika kabla haujaonekana. Angalia nyaya zinazopita hapo, hasa waya wa nyutro. Nyuma, zungusha gurudumu utazame spoku, kisha chunguza mkono unaobeba gurudumu kama umekwaruzwa hadi chumani. Usifunge cheni mpya juu ya injini yenye ufa. Oili itakwisha barabarani na utapoteza injini nzima.

5. Kagua kila kinachoiongoza cheni.

Meno ya sproketi yakiwa yameinama kama ndoana, hayafai hata kama yanaonekana manene. Badilisha ya mbele na ya nyuma pamoja na cheni. Sproketi kuukuu huila cheni mpya kwa wiki chache, kisha lawama zote anabebeshwa muuza spea.

Shika sproketi ya mbele uitikise. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Ikiyumba pamoja na shafti yake, tatizo liko kwenye beringi ya ndani. Hakikisha kibati chake na bolti mbili vimekaa imara.

Shika gurudumu la nyuma juu na chini, lisukume kushoto na kulia. Likigonga, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma. Halafu toa gurudumu utazame raba zilizo ndani ya hab, yaani kitovu cha gurudumu. Kazi yake ni kupokea mshtuko kila ukiachia klachi. Zikiwa zimemomonyoka, mshtuko wote unakwenda kwenye cheni. Raba ni za bei ndogo, na nimeona cheni nyingi zikilaumiwa kwa makosa ya raba.

6. Funga cheni mpya.

Chukua yenye idadi sahihi ya viungo kulingana na kitabu cha pikipiki. Herufi H baada ya 428 maana yake mabamba ni manene zaidi, na kwa anayebeba mizigo inafaa. Usikubali kiungo cha nusu cha kuongezea urefu, hapo ndipo cheni hukosa nguvu.

Kutanisha ncha juu ya meno ya sproketi ya nyuma. Ingiza kiungo kutoka ndani, klipu ikae upande wa nje unakoweza kuiona. Klipu ina mdomo wazi na kichwa kilichofungika. Kichwa kilichofungika kielekee cheni inakokwenda: kikiwa kwenye mkanda wa juu wa cheni, kinatazama mbele, upande wa injini. Ukikigeuza, jiwe au tawi likigusa mdomo linaisukuma klipu itoke. Ibane kwa plaisi mpaka isikike imeingia, kisha tazama kama imekaa kwenye mifereji ya pini zote mbili. Moja ikikaa na nyingine ikakosa, kwa mbali huwezi kuijua.

Klipu iliyowahi kutolewa usiirudishe. Nasema hivi kwa uchungu. Ile yangu huenda ilikuwa imetumika mara mbili kuokoa shilingi chache.

Paka tone la rangi ya kucha juu ya klipu na bamba lake. Rangi ikipasuka, klipu imesogea. Kila asubuhi jicho lako litaangalia hapo kwanza.

7. Nyoosha gurudumu.

Usiamini mistari iliyopigwa kwenye mkono wa nyuma, hasa pikipiki ikishawahi kuanguka. Chukua mshipi, pima kutoka katikati ya bolti inayoshikilia mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, upande wa kulia, kisha kushoto. Urefu uwe mmoja. Halafu chuchumaa nyuma ya pikipiki ufumbe jicho moja utazame mkanda wa cheni. Unatakiwa unyooke kama uzi, usipinde unapoingia kwenye sproketi. Meno yanayong'aa ubavu mmoja tu ni dalili kwamba gurudumu lilikuwa limepinda tangu zamani.

8. Weka mlegeo.

Kwa pikipiki nyingi ndogo, katikati ya mkanda wa chini, cheni ipande na kushuka milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Zungusha gurudumu polepole ukipima kila robo ya mzunguko, utafute mahali inapokaza zaidi, uweke mlegeo hapo.

Kisha waite watu wawili wapande. Mzigo ukikaa, gurudumu la nyuma hupanda na cheni hujikaza. Kijana anayekaza cheni pikipiki ikiwa tupu, halafu akapakia abiria wawili na gunia la mahindi kwenda Langobaya, anaivuta cheni na beringi kwa kila shimo analopita. Watu wakiwa wamekaa, cheni bado ichezecheze. Isipocheza hata kidogo, legeza. Cheni iliyolegea kidogo ina kelele, iliyokazwa mno hukatika kimya.

Kaza nati ya ekseli, weka pini mpya ya kugawanyika kama ipo, kaza nati za vikaza. Pima tena, maana mlegeo hubadilika nati inapokazwa.

9. Ipake mafuta.

Zungusha gurudumu kwa mkono, dondosha oili namba 90 upande wa ndani wa mkanda wa chini, kwenye maungio ya mabamba. Subiri robo saa, futa ya juu yote. Inayofanya kazi ni iliyoingia ndani. Inayobaki nje kazi yake ni kushika mchanga. Oili nyeusi iliyotoka kwenye injini usiitumie, ina chembe za chuma na masizi. Kwa anayefanya kazi kutwa, paka kila kilomita 500 au chini, na kila baada ya mvua. Ukipita maji ya chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi ukifika nyumbani, kausha, paka jioni hiyohiyo.

10. Wafundishe mikono yako cha kufanya ikikatika.

Hofu kubwa si ya kukatika bali ya kutojua utafanya nini ikikatika. Tafuta uwanja mpana asubuhi na mapema, usio na watu. Nenda kilomita 20 kwa saa, kisha kwa mpigo mmoja: achia mafuta, kamata klachi yote, shika usukani wima, acha pikipiki iteleze yenyewe ikielekea ukingo wa kushoto, breki mwishoni na kwa upole. Rudia mara kumi. Kisha kwa 40. Klachi ndiyo muhimu, kwa sababu cheni ikinasa na gurudumu likakaza, unataka injini isiendelee kuvuta. Na usijitie kuinama kutazama nyuma.

11. Rudi barabarani kwa ngazi.

Siku ya kwanza, peke yako, kilomita mbili kwenye mtaa unaoujua. Simama, zima injini, tazama rangi ya klipu, sogeza kiganja karibu na cheni. Kiungo chenye joto kupita wenzake ni kikavu au kigumu.

Siku ya pili, nenda Gede na kurudi, bado peke yako. Pima mlegeo ukirudi. Cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni, hilo lisikutishe. Rekebisha mara moja, uandike.

Siku ya tatu, abiria mmoja, ikiwezekana rafiki anayejua yaliyokupata. Mwambie aongee na wewe njiani. Ukiona umemjibu bila kukata sentensi, masikio yameanza kurudi mbele.

Baadaye ndipo barabara ya vumbi na mzigo. Kila jioni andika mlegeo, hali ya klipu, na kilomita. Ukifika kilomita 500, pima tena viungo 20. Ikisoma 254 au 254.5, una namba mkononi ya kuishindanisha na wasiwasi wako. Hakuna aliyenituliza kwa maneno kama zilivyonituliza namba zile kwenye daftari.

UKIKWAMA

Kunasikika "tak" moja kila mzunguko wa gurudumu. Ni kiungo kigumu, au jino la sproketi lililopigwa. Geuza gurudumu taratibu uone kiungo kinachokataa kunyooka kikitoka kwenye sproketi. Cheni mpya isifanye hivyo, irudishe dukani.

Inalegea kila baada ya siku mbili. Kagua kwanza nati ya ekseli na nati za vikaza. Zikiwa imara na kipimo cha viungo 20 kinaongezeka haraka, cheni yenyewe ni dhaifu hata kama imeandikwa vizuri kwenye boksi. Itoe.

Inakaza upande mmoja wa mzunguko na kulegea upande mwingine. Sproketi ya nyuma haijakaa katikati, au cheni imerefuka mahali pamoja. Cheni ikiwa mpya, shuku sproketi.

Kutu imerudi baada ya usiku mmoja. Pikipiki inalala wapi? Ikilala nje karibu na bahari, ifunike sehemu ya cheni kwa turubai linalopitisha hewa chini, na upake mafuta jioni cheni ikiwa na joto, si asubuhi. Ikiwa na joto mafuta hupenya.

Kila kitu kimepimwa, namba ni nzuri, bado moyo unadunda ukifika pale ilipokatikia. Hilo lilinisumbua mimi pale Sabaki. Usipite pale mara ya kwanza ukiwa na abiria. Nenda peke yako asubuhi, simama kabla, kagua klipu, vuka, simama tena baada ya kuvuka, kagua. Mimi nilivuka namna hiyo mara nne. Mara ya tano nilisahau kusimama.

Imekatika tena, ndani ya miezi michache. Usinunue cheni ya tatu. Mara mbili maana yake kuna kitu kinachoivunja: shafti ya sproketi ya mbele inayoyumba, mkono wa nyuma uliopinda, au raba za hab zilizokwisha. Pikipiki isibebe abiria mpaka hivyo vitatu vimefunguliwa mbele ya macho yako. Na cheni zote mbili, ya kwanza na hii, mletee fundi kwenye mfuko mmoja, azilaze sambamba aone kama zimekatika kwa namna moja.